Kinanda Kaimu

Mvua ikishanyesha, barabara inayopanda kutoka Sake kwenda Masisi, hapa Kivu, haina tofauti na shamba lililolimwa jana, na pikipiki hupita kwa dua. Nyuma ya abiria wa pikipiki moja kuna kitu kirefu kilichofungwa kwa mpira wa tairi. Kimevikwa kitenge, na juu ya kitenge kipande cha lile turubai jeupe la kambi ya wakimbizi. Mgeni angeshtuka. Mwenyeji anajua kwamba bunduki huku haifunikwi namna hiyo, kwa hiyo kitakuwa kinanda. Kinatoka kwaya moja kinakwenda nyingine, maana ni cha kuazimana, na Jumapili haimsubiri mtu.

Kikifika kinawekwa juu ya dawati la shule. Betri sita kubwa zinaingizwa tumboni; huku zinaitwa mapile, na kwingine katika Uswahili huitwa mawe, neno ambalo Masisi lina kazi nyingine kabisa. Kifunguo kimoja cha katikati kimekufa, na mpigaji anakiruka bila kufikiri, kama mtu anavyoruka kidato kibovu cha ngazi ya kwake. Juu ya vifunguo kuna safu ya vitufe vya midundo, majina yote kwa Kiingereza: waltz, disco, bossa nova, rumba. Hicho cha rumba hakiguswi. Rumba waliyoitia waundaji ni ile ya kumbi za dansi za Wazungu, ya watu wanaohesabu hatua, na ukiibonyeza mbele ya Wakongo watacheka hadi wakae chini. Kijana anabonyeza kitufe kingine, anapunguza mwendo, ananyamazisha besi ya mashine na kuipiga mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia unakuwa gitaa la solo. Kwaya inaingia.

Nilimuuliza mama mmoja wa kwaya ngoma zao ziko wapi. Akanitazama kama niliyeuliza jua linachomoza upande gani. "Mutu anakimbiaka na mutoto," akasema, "hapana na ngoma."

Jibu lile limekaa nami, kwa sababu linaeleza jambo ambalo historia za muziki huwa zinalipita. Tunapenda kusema kwamba ala za umeme ziliingia kwenye muziki wa watu kwa sababu zilikuwa mpya. Mimi nadhani ziliingia kwa sababu kuna mtu hakuwepo. Serikalini neno lake ni kaimu: anayekalia kiti mpaka mwenyewe arudi. Ukitaka kulinganisha jinsi muziki wa Kinshasa, wa pwani na wa hapa Kivu ulivyoipokea ala ya umeme, maswali ni mawili tu. Alimkaimu nani? Na mwenye kiti alirudi?

Neno lenyewe la kinanda lina tabia hiyo hiyo. Katika kamusi ya Krapf, iliyotoka mwaka 1882, kinanda ni ala ya nyuzi. Washairi wa Lamu na Pate walipotaja kinanda walikuwa na kitu cha kucharaza kwa vidole mikononi. Baadaye likaitwa kinanda sanduku la kupulizwa kwa miguu kanisani, kikaja kinanda cha mkono, cha kinywa, cha santuri, mpaka hiki cha betri. Kila chombo kilichofika bila jina kilipewa jina la aliyetangulia, kama mtoto anayerithi koti la kaka yake.

Wavumbuzi wenyewe hawakukusudia hivyo, angalau si wote. Mrusi Leon Theremin alipounda chombo chake mwaka 1920, kinachopigwa kwa kupunga mikono hewani bila kukigusa, alikuwa na sauti ambayo dunia haijawahi kuisikia. Lakini biashara ilienda njia nyingine. Laurens Hammond wa Chicago alipotoa ogani yake ya umeme mwaka 1935, aliyauzia makanisa yasiyoweza kununua ogani kubwa ya mabomba, na matangazo yakadai kwamba tofauti haipo. Mwaka 1936 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ya haki ikamlalamikia kwamba anawahadaa wanunuzi. Yakafanywa majaribio ya kusikiliza huko Chicago, ogani zote mbili zikiwa zimefichwa, na hata wataalamu walizichanganya mara nyingi. Kesi hiyo ya ala ya umeme, basi, ilikuwa kesi ya kaimu aliyejiita mkurugenzi.

Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyotoa, kuanzia mwaka 1940, chombo kilichofika Kongo mapema: Solovox. Ni kibodi fupi ya vifunguo 36 inayofungwa chini ya vifunguo vya piano, upande wa kulia, na waya unaokwenda kwenye kasha lenye spika na valvu zake, zile taa za kioo zinazopata moto. Sauti inapandishwa na kushushwa kwa goti. Mkono wa kushoto unabaki kwenye piano, wa kulia unateremka kwenye Solovox. Na hapa kuna jambo la kiufundi ambalo ndilo kiini cha kila kitu kilichofuata: Solovox inatoa sauti moja tu kwa wakati. Ukibonyeza vifunguo vitatu, utasikia kimoja.

Léopoldville (Kinshasa ya leo) ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa soko la santuri lenye ushindani mkali. Kampuni ya Ngoma ilikuwa imefungua studio mwaka 1948, wakafuata Opika na Loningisa, na kila mmoja alikuwa anatafuta sauti ambayo mwenzake hana. Opika wakamleta Mbelgiji Gilbert Warnant, mpiga piano aliyekuja na Solovox. Kampuni nyingine, CEFA, wakawa na Mbelgiji mwingine, Bill Alexandre, na yeye alikuja na gitaa la umeme. Vyombo viwili vya umeme, mji mmoja, miaka ile ile, na mwisho wake tunaujua: gitaa limekuwa ndilo rumba yenyewe, na Solovox imebaki kwenye santuri za zamani ambazo wakusanyaji huzibembeleza kwa kitambaa laini.

Kwa nini? Solovox ilikuwa inakaimu saksafoni na filimbi. Sauti yake ni nyembamba, inayotetemeka kidogo, na kwa sababu ni moja kwa wakati haikuweza kufanya kazi nyingine zaidi ya kuimba juu ya wenzake. Lakini wenye kiti walikuwa njiani. Wapiga saksafoni wa kweli walikuwa wanaongezeka Léopoldville mwaka hadi mwaka, na Joseph Kabasele na African Jazz yake, iliyozaliwa mwaka 1953, walipopata pembe zao hawakuwa na haja ya mtu wa kuziigiza. Gitaa la umeme halikumkaimu mtu. Lilikuwa gitaa lile lile ambalo watu walikuwa wanalipiga, sasa likisikika mpaka nyuma ya baa. Mpiga gitaa Nico Kasanda hakulazimika kujifunza lugha mpya. Alipewa koo kubwa zaidi.

Miaka thelathini baadaye kaimu alirudi kwa mlango wa Paris. Katika miaka ya 1980 wanamuziki wa Kongo waliokuwa wanarekodi huko waligundua kwamba kumlipa mtu mmoja mwenye sintetizeri ni rahisi kuliko kulipa tarumbeta mbili na saksafoni, na kwamba Zaiko Langa Langa walikuwa wameshaonyesha tangu 1969 kuwa rumba inaweza kuishi bila pembe. Safari hii mwenye kiti hakurudi. Sitasema mengi hapo. Zile pembe za plastiki zimezeeka vibaya, na anayebisha arudie kuzisikiliza baada ya santuri moja ya OK Jazz.

Tugeukie pwani, ambako sauti ya umeme ilifika kwa njia ya sinema. Mwaka 1947 Mfaransa Constant Martin alikuwa ameunda chombo kinachoitwa Clavioline, ndugu wa Solovox kwa kila hali: kifupi, cha kufungwa chini ya piano, kinaendeshwa kwa goti, sauti moja kwa wakati. Mwaka 1954 ikatoka filamu ya Kihindi *Nagin*, muziki wa Hemant Kumar, na ndani yake kuna ule mlio wa zumari la mganga wa nyoka. Zumari halikuwepo studio. Aliyepiga ni Kalyanji Virji Shah, kwa Clavioline. Filamu za Kihindi zilikuwa chakula cha kila wiki Unguja na Mombasa, na wataarabu wa Mombasa walikuwa wanachukua tuni zake na kuzitilia maneno ya Kiswahili. Juma Bhalo alijijengea jina humo. Kwa hiyo mtu wa Mombasa aliyetoka sinema akipiga mluzi wa nyoka alikuwa anapiga mluzi wa valvu za umeme bila kujua. Bombay na Léopoldville hawakushauriana, lakini walikipa chombo cha sauti moja kazi ile ile: kupuliza bila pumzi.

Mambo yalibadilika ogani zilipoanza kutoa sauti nyingi kwa pamoja na kuwa nyepesi. Sasa kaimu hakumwakilisha mpuliza zumari mmoja, aliwakilisha safu nzima. Na hakuna mahali ambapo safu hiyo ilikuwa na hadhi kama kwenye taarab. Ikhwani Safaa ya Unguja, ya tangu 1905, na Culture Musical Club, ya 1958, zilijijenga kwa mfano wa okestra za Misri: fidla nyingi zikikaa mstari, kanuni, udi, nai, kodiani, besi kubwa la kusimama nalo. Watu walikaa kitako, wakasikiliza, mwenye kuguswa akainuka kwenda kutunza. Tanga walikuwa wameshaanza kulegeza, vikundi vya Black Star na Lucky Star vikitia magitaa ya umeme. Lakini pigo lenyewe lilikuja miaka ya 1990, wakati vikundi vya TOT na Muungano vilipokuwa vikirushiana mipasho Dar es Salaam, Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule. Fidla kumi na mbili zikaingia kwenye kinanda kimoja. Waliokaa kitako wakasimama. Kaimu akathibitishwa kazini, akapewa na nyumba ya kuishi.

Wazee wa Unguja hulalamika kwamba fidla zimepotea. Nadhani wanalalamikia kitu kisicho sahihi, maana fidla zinaweza kununuliwa tena. Kilichopotea ni kidogo zaidi na hakionekani. Taarab ya asili ilirithi makamu za Kiarabu, zile njia za kupangia sauti (na makamu hiyo, kwa nasaba ya Kiarabu, ni ndugu wa kaimu; lugha ina utani wake). Hijazi inapigika kwenye kinanda chochote. Bayati na Rasti hazipigiki, kwa sababu zina sauti zinazokaa katikati, baina ya kifunguo cheupe na cheusi, mahali ambapo kidole cha mpiga fidla kinafika na cha mpiga kinanda hakifiki. Vinanda vya baadaye vilivyolenga soko la Waarabu viliongezewa vitufe vya kushusha sauti kwa robo. Lakini kizazi kizima kilikuwa kimeshakulia kwenye vinanda vya kawaida, na sikio likishazoea kuruka chumba husahau kwamba chumba kipo.

Si lazima iende hivyo. Hailu Mergia, mpiga ogani wa Addis Ababa, alipojirekodi peke yake Marekani mwaka 1985, aliiweka sintetizeri pamoja na kodiani la ujana wake, na ngazi za sauti za Kiethiopia zilibaki mahali pake. Alikuwa mtu mmoja anayekumbuka bendi nzima. Hapo ndipo Masisi inaporudi mezani.

Cheo cha mwisho cha kaimu kilikuja na vinanda vidogo vya Casio, vilivyoanza kutoka mwaka 1980: si safu tena, bali bendi kamili, na ngoma zake na besi yake, kwa kitufe kimoja. Mfano unaotajwa duniani kote ni wa Jamaika. Casio MT-40 ya mwaka 1981 ilikuwa na mdundo mmoja ulioitwa wa roki, uliotungwa na mwajiriwa kijana, Okuda Hiroko. Mwaka 1985 Wayne Smith na King Jammy wakaupunguza mwendo, wakauimbia, na rege ikageuka kwa usiku mmoja. Kijana wa Masisi naye anapunguza mwendo wa kitufe. Tofauti ni kwamba Wajamaika waliikuta mashine ina kitu cha kuwaambia, wakaitii. Yeye hapokei amri. Anachukua ngoma tu, kama mtu anayekodi gari na kumwacha dereva nyumbani.

Na ujasiri huo haukuanzia kwenye betri. Kusini, Jean Bosco Mwenda alipokutwa na mrekodi Hugh Tracey mjini Jadotville mwaka 1952, alikuwa na gitaa moja kavu na vidole vyake. Kidole gumba kinatembeza besi, kingine kinapiga solo, na yeye juu yake anaimba kwa Kiswahili. Karibu zaidi, ndani ya Walikale, wilaya jirani na Masisi, Wanyanga wana karisi, utendi wa shujaa Mwindo. Mwaka 1956 mtambaji Candi Rureke aliusimulia mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck kwa siku kumi na mbili. Alihadithia, akaimba, akacheza, akaigiza, mkononi manyanga na miguuni njuga, huku vijana wakigonga kijiti juu ya mti mkavu. Kitabu kilichotoka mwaka 1969 kina maneno, njuga hakina. Mtu mmoja anayebeba watu wengi mwilini mwake ni desturi ya misitu hii, na mpiga kinanda wa kwaya anasimama humo bila kuhitaji ruhusa ya Japani.

Kuna njia nyingine, na lazima niitaje kwa sababu inanipinga. Kinshasa, Mawangu Mingiedi na bendi yake, Konono No. 1, hawakumleta kaimu. Walichukua likembe, malimba ya kupigwa kwa vidole gumba, wakaifungia vinasa sauti vilivyotengenezwa kwa sumaku za magari mabovu, wakaitoa kwenye vipaza sauti chakavu. Iliponguruma na kukwaruza hawakuomba radhi. Mkwaruzo ukawa sehemu ya wimbo, na walipotoa *Congotronics* katikati ya miaka ya 2000, Wazungu wa muziki wa kompyuta wakadhani wamegundua binamu yao. Nilifikiri hapo nimepata mfano safi wa mwenye kiti aliyepewa umeme moja kwa moja. Kumbe muziki huo wa Wazombo, asili yake, ulipigwa kwa pembe za ndovu. Likembe nayo ilikuwa inakaimu.

Sasa fungua kinanda chenyewe. Mafundi redio wengi wa Afrika Mashariki huuita risasi ule waya wa kuunganishia vipande, ingawa sehemu yake kubwa ni bati. Masisi jina hilo lingeleta fujo dukani. Bati hutoka kwenye kasiterite, na kasiterite ya Walikale inajulikana: Bisie, mlima uliovamiwa na wachimbaji mwanzoni mwa miaka ya 2000, mawe yakibebwa mgongoni msituni mpaka Njingala, kisha kwa ndege ndogo zilizokuwa zikitua kwenye kipande cha lami cha Kilambo. Leo kuna mgodi wa mitambo hapo. Karibu na waya huo, hasa kwenye vinanda vya miaka ya 1970 na 1980, mara nyingi utakuta vitone vidogo vya rangi, kama dawa za malaria zilizoota miguu miwili. Hizo ni kapasita za tantali. Tantali hutoka kwenye koltani, na koltani ni Rubaya, wilayani Masisi, mji ulioangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024. Hakuna anayeweza kuapa kwamba kitone fulani kilitoka kilima fulani. Lakini ni vitu vya aina hiyo, vidogo na vyepesi, vilivyokitoa kinanda kwenye kasha la valvu la Warnant na kukifanya kitu cha kufungwa nyuma ya pikipiki. Madini yalishuka mlimani mgongoni mwa mtu. Yamepanda tena yakiwa na vifunguo, na kilichowafukuza wapiga ngoma kijijini, kwa kiasi si kidogo, ni vita vya kugombea mashimo hayo hayo.

Ibada inakaribia mwisho. Betri zinapoelekea kufa kinanda hakinyamazi ghafla. Kwanza kinapinda sauti, kinashuka taratibu kama mtu anayesinzia, halafu taa nyekundu inazima katikati ya ubeti. Kwaya haikatiki. Yule mama wa ngoma anaanza kupiga makofi, mwenzake anagonga ubavu wa dawati kwa kiganja, safu ya nyuma inashika besi kwa vinywa vilivyofungwa. Kijana hajainua mikono. Vidole vyake vinaendelea kubonyeza vifunguo visivyolia, na ilipofika zamu ya kile kilichokufa zamani, alikiruka.